Kasi ya Jiwe kwenye Sakafu ya Masama

Nilistaafu mwezi uliopita, na vijana wa karakana wameniomba niandike ninachokijua kabla sijaanza kukisahau. Walitumia maneno ya heshima kuliko hayo, lakini maana ilikuwa hiyo. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nani alipanda cheo na nani alilipwa nini. Vyeo vyetu vilikuwa viwili, anayeshika mashine na anayezoa tope, na siku nyingi mtu mmoja alikuwa navyo vyote viwili. Nitaandika kuhusu mawe ya kusagia sakafu, kwa sababu hilo ndilo swali mnaloniletea kila mara: "Mama Rukia, mbona jiwe jipya halikati?" Jibu ni kwamba pengine linakimbia mno. Mara ya kwanza hakuna anayeniamini. Msione vibaya, na mimi nilipoambiwa sikuamini.

Niliingia kazini katikati ya miaka ya themanini, katika karakana ya Mzee Shabani pale Majengo. Alikuwa fundi wa terazo, zile sakafu za saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, mtu mfupi mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Alizoea kusema kwamba mafundi wa sakafu hupiga magoti kuliko padri na imamu wakijumlishwa, na bado hakuna anayetarajia kuwaona peponi. Nilichukuliwa kuzoa tope. Terazo husagwa kwa maji, na yale maji yakichanganyika na unga wa saruji huwa uji mzito wa kijivu. Usipouondoa upesi unaganda, kesho unausaga upya kana kwamba ni sakafu nyingine. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya Idi. Mzee Shabani akavitazama, akatazama tope, akaniuliza kama nina vingine. Nikasema sina. Akasema, "Basi leo unavyo, kesho hunavyo." Alisema kweli.

Mashine yetu ilikuwa moja na tuliiita Shangazi. Ilikuwa nzito, ina kelele, na ukiiharakisha inakuumiza. Fremu yake ilitengenezwa na mchomeleaji wa jirani kwa vyuma vya lori. Nyuma ilikaa injini ya dizeli, mbele sahani ya chuma iliyolala juu ya sakafu, na chini ya sahani tulipachika mawe matatu ya kusagia kwa kabari. Injini ilikuwa na puli ndogo, sahani ina puli kubwa, na mkanda uliziunganisha. Mawe ndiyo yaliyokuwa shida. Miaka ile jiwe la kusagia lilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe haikuwepo. Tulilitumia jiwe mpaka likawa jembamba kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi, na hata hapo Mzee Shabani alilifunga kwenye kitambaa akalitia mfukoni, akisema litafaa pembeni mwa ukuta.

Ndiye aliyenifundisha kasi, na hakuanza na hesabu. Alipigilia msumari uani, akafunga kamba, akaniambia nishike ncha yake. Yeye akashika kamba hiyohiyo karibu kabisa na msumari.

"Twende," akasema. "Kamba isilegee."

Tukazunguka. Yeye alikuwa anajikokota na magoti yake, mimi nakimbia. Majirani walisimama kutazama, na mmoja akauliza kama mzee ameanza kufundisha ngoma. Tulipomaliza duru kadhaa akasimama.

"Tumezunguka sawasawa?"

"Sawasawa, mzee."

"Nani kachoka?"

Nilikuwa nahema, nimeshika kiuno.

"Basi hilo ndilo jiwe," akasema. "Mizunguko ni ileile, lakini aliye ukingoni anakimbia kuliko aliye katikati. Saruji haijui injini yako inazunguka mara ngapi. Saruji inamjua yule anayeigusa."

Shikeni hilo, wanangu, yaliyobaki ni kuzidisha na kugawanya. Pimeni kipenyo cha sahani, yaani upana wake kupitia katikati. Zidisheni kwa tatu nukta moja nne, mtapata mzingo, ambao ndio safari ya ukingo katika mzunguko mmoja. Zidisheni kwa mizunguko ya dakika moja. Gawanyeni kwa sitini. Hapo mna mwendo wa ukingo kwa sekunde, na ndio wanaouita kasi ya jiwe. Kama hamna namba tatu nukta moja nne kichwani, zungusheni uzi kwenye ukingo na muupime. Uzi haujawahi kufeli hesabu.

Tumchukue Shangazi. Injini yake ilizunguka mara elfu moja na mia tano kwa dakika. Puli ya injini ilikuwa na sentimita kumi, ya sahani ishirini na tano. Kumi kwa ishirini na tano ni mbili kwa tano, kwa hiyo sahani ilizunguka mara mia sita. Sahani ilikuwa na kipenyo cha sentimita thelathini, mzingo wake sentimita tisini na nne hivi. Mia sita mara sentimita tisini na nne ni mita mia tano sitini na nne kwa dakika. Gawanya kwa sitini: mita tisa na kitu kwa sekunde. Kama mmenifuata mpaka hapa, mnajua zaidi ya nusu ya mafundi niliowahi kufanya nao kazi, na wengine walikuwa na vyeti.

Sasa, kwa nini jiwe likikimbia mno halikati? Jiwe la kusagia ni punje kali nyingi zilizoshikwa na gundi ngumu. Punje inakata saruji, inachakaa, inakuwa butu. Ikishakuwa butu inatakiwa ing'oke impishe mwenzake aliye nyuma. Tofauti na viongozi wetu wengi, punje ya jiwe inajua wakati wa kuondoka, lakini lazima isukumwe. Mkizungusha haraka, kila punje inapita juu ya saruji ikilamba tu, haipati kazi ya kutosha kuing'oa. Inabaki palepale ikiwa butu, jiwe linang'aa kama kioo, na fundi anasukuma mashine kutwa nzima akiipiga sakafu pasi. Mkizungusha polepole na kuongeza uzito, kila punje inang'ata zaidi, inachoka, inang'oka. Jiwe ni lilelile, ila mwendo mkali hulifanya liwe gumu na mwendo wa pole hulifanya liwe laini. Mkizidisha upole nalo linaisha kama chaki. Kazi yenu ni kutafuta katikati, na katikati hubadilika kila mnapobadilisha sakafu.

Baadaye milango ya biashara ilifunguliwa na madukani kukawa na kila kitu. Tulitoka kwenye kutafuta jiwe moja mjini hadi kusimama mbele ya rafu tukisoma maboksi yenye maandishi ambayo hata muuzaji aliyashika kichwa chini miguu juu. Zikaja grenda za mkono na diski zake. Hapo ndipo hesabu ya Mzee Shabani ilipoacha kuwa suala la sakafu kukatika na kuwa suala la mtu kukatika. Kila diski imeandikwa mwendo wake wa mwisho. Diski kubwa na diski ndogo zinaweza kuruhusiwa mwendo uleule wa ukingo, mita themanini kwa sekunde, lakini kubwa inaufikia kwa mizunguko michache zaidi. Kumbukeni kamba uani.

Pale Bomang'ombe nilimkuta fundi mmoja anakata ngazi ya zege kwa grenda ndogo, yenye mizunguko elfu kumi na moja, na amefunga diski kubwa ya inchi tisa. Kikinga, kile kifuniko cha chuma cha grenda, kilimzuia kuifunga, kwa hiyo alikuwa amekifungua na kukiweka pembeni, na ndani yake ameweka karanga.

"Shikamoo mama. Karibu karanga."

"Marahaba. Zima kwanza mashine."

"Inakata vizuri sana hii."

"Naona. Ninachouliza ni itakata nini ikipasuka."

Nilimpigia hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa tajiri wake. Mzingo wa diski ile ni sentimita sabini na mbili. Mara elfu kumi na moja, gawanya kwa sitini: mita mia moja thelathini na zaidi kwa sekunde, na diski inaruhusiwa themanini. Aliitazama hesabu, akaitazama diski, akatazama upande diski ilikokuwa imeelekea yeye alipokuwa amechuchumaa. Kisha akazitoa karanga kwenye kikinga, akaanza kuifungua diski. Mwanafunzi mzuri hahitaji maneno mengi.

Nimewaambia hayo ili mfike Masama mkiwa mnajua ninachokisema, kwa sababu kazi iliyonifundisha zaidi ya zote ilikuwa sakafu ya kanisa moja la Walutheri huko juu mlimani.

Wakati huo Mzee Shabani alikuwa amekaa nyumbani na magoti yake, na Shangazi alikuwa mikononi mwangu na mwa Godlisten. Godi alikuwa kijana wa Masama hukohuko, mwenye mabega mapana, mtaratibu, na mchumba wake aliitwa Ndeshi. Baba yake Ndeshi, Mzee Aminieli, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Pia alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, ng'ombe wa maziwa, na maoni kuhusu kila jambo. Siku ya kupokea mahari alikuwa ametangaza mbele ya koo mbili kwamba binti yake atafunga ndoa katika kanisa jipya, Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi. Mnajua Desemba ya kwetu. Ndio wakati wanaporudi wote, wa Dar, wa Mwanza, wa Nairobi, na baada ya mwaka mpya mlima unabaki na wazee na ng'ombe. Mzee alisema sakafu isipokuwa tayari, harusi itangoja Desemba ijayo, maana hataoza binti mbele ya viti vitupu wala juu ya vumbi. Ndeshi alikuwa na mashangazi watatu Dar, na kila mmoja alikuwa na kijana wa kumtambulisha. Mwaka mzima ulikuwa mrefu mno kwa Godi.

Tulipofika na Shangazi juu ya lori, sakafu ilikuwa imeshamwagwa na mafundi wa kijiji, imeganda, inangoja kusagwa. Nikapiga goti nikaikagua. Terazo ya kawaida huwa na vipande vya marumaru, vyote vya ugumu mmoja. Hii ilikuwa na mawe meusi, mekundu, ya kijivu, mengine yenye matundu kama mkate.

"Haya mawe mmeyatoa wapi, mzee?" nikauliza.

"Vihambani," akasema Mzee Aminieli, akinyoosha mkono kwenye mashamba ya koo yaliyotuzunguka. "Kila ukoo umeleta beseni moja kutoka kihamba chake. Akina mama waliyaponda kwa nyundo wakati wa msaragambo, kijiji kizima kikijitolea. Kwa nini tununue mawe ya watu wengine? Kila ukoo utakanyaga jiwe lake mbele ya Mungu."

"Wazo zuri," nikasema, na lilikuwa zuri kweli, kwa mtu ambaye halisagi. Mlima wetu umetapika mawe ya kila aina. Kuna jiwe linalovunjika ukilikanyaga na kuna jiwe linalovunja nyundo, na yote yalikuwa yamelala pamoja kwenye sakafu moja kama waumini. Kuhusu nani alikuwa mgumu kuliko nani, koo zilishaanza kubishana.

Tuliwasha Shangazi asubuhi. Akina mama walituletea maji kwa ndoo kutoka mfongo, ule mfereji wa kienyeji unaoshuka mlimani, kwa zamu. Kufikia saa za chai sakafu ilikuwa imelowa, sisi tumelowa, na hakuna kilichopungua isipokuwa dizeli. Mashine ilikuwa inatoa mluzi mwembamba. Tope lilikuwa jepesi kama maji ya kuoshea mchele. Niliinua sahani nikageuza jiwe: uso wake ulikuwa unang'aa, ningeweza kujifungia kilemba nikijitazama humo.

Mzee Aminieli alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Hiyo mashine inasaga au inapapasa?"

"Inasaga, baba," akasema Godi.

"Mimi sijawa baba yako. Nimeuliza mashine."

Godi akainamia injini.

"Mawe yamekuwa vioo," nikamweleza mzee. "Sakafu yenu ni ngumu mno kwa mwendo huu. Itabidi tupunguze."

"Mpunguze?" Aliwageukia wazee wa kanisa waliokuwa wamekaa kwenye mbao, ambao walikuja kila siku kusimamia na siku zote walisimamia wakiwa wamekaa. "Mmesikia? Kazi haiendi, fundi anataka aende polepole. Mimi nina mashine ya mahindi huu mwaka wa ishirini. Unga ukitoka chenga, naongeza mwendo. Unakuwa laini."

Hapo mzee hakuwa mjinga, nataka mlielewe hilo. Kinu chake kinapiga mahindi kwa nyundo za chuma, na nyundo ikikimbia inapiga zaidi. Kwa mahindi alikuwa sahihi kabisa. Shida ilikuwa moja tu, kwamba sakafu ile haikuwa mahindi, na ilikuwa vigumu kumwambia hivyo mtu ambaye mahindi hayajawahi kumbishia.

Mchana alirudi na puli. Aliitoa kwenye akiba ya kinu chake, chuma kizuri kizito cha sentimita ishirini, na kuiweka mbele ya Godi kama mtu anayeweka kitoweo mezani.

"Funga hii kwenye injini."

Godi alinitazama. Nikaipima kwa uzi ili wote waone nafanya nini. "Puli ya ishirini badala ya kumi," nikasema, "sahani itazunguka mara elfu moja na mia mbili badala ya mia sita. Ukingo utakimbia karibu mita kumi na tisa kwa sekunde. Boksi la mawe haya linasema yasivuke kumi na tano. Mzee, hapo hatuzungumzii kukata tena. Jiwe likichomoka kwenye kabari litatafuta mguu wa mtu, na aliye karibu ni Godi."

"Maboksi yanaandikwa na watu waoga," akasema Mzee Aminieli. "Krismasi haisomi boksi. Kijana, unataka kuoa au hutaki?"

Wazee kwenye mbao waliacha kutafuna. Godi alikuwa na spana mkononi. Nilikuwa mkubwa wake wa kazi, lakini yule alikuwa mkwe wake, na nijuavyo mimi hakuna spana ya kufungulia hilo. Nilimwona anaitazama puli, anahesabu kichwani, na haikuwa mita kwa sekunde. Ilikuwa miezi kumi na miwili na mashangazi watatu.

"Mzee," akasema hatimaye, taratibu, "nataka kuoa sana. Ila hii siifungi."

"Basi umesema mwenyewe mbele ya wazee."

Wakati huo Ndeshi alikuwa ameingia na birika la chai na kiburu cha ndizi na maharage kwenye sufuria, na sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Aliweka sufuria chini.

"Baba, ukimkata mguu, mashangazi watasema umemwoza mtoto wako kwa kilema. Watalisema hilo miaka yote, kila Desemba, wakila ndizi zako."

Mzee mmoja kwenye mbao akacheka, akajifanya anakohoa.

"Nani amekuuliza wewe?" akasema Mzee Aminieli.

"Hakuna. Chai inapoa."

Mzee alikunywa chai akiwa amesimama. Ilikuwa nafasi, nami nikaikamata. "Tufanye hivi," nikasema. "Nipe mpaka jua lizame. Nitapunguza mwendo na kuongeza uzito, na nitasaga kipande kimoja pale mbele ya madhabahu. Kisipokatika, siyo lazima ufunge puli. Utamwita fundi mwingine mwenye mashine nyingine, na nitamwachia kazi yote na shukrani." Alikubali, nadhani kwa sababu alitaka sana nishindwe mbele ya watu.

Tulifungua puli ya injini tukafunga ndogo ya sentimita saba, ambayo Mzee Shabani aliitunza kwa matumizi ambayo hakuwahi kutueleza. Puli ikibadilika, mkanda unalegea, kwa hiyo tuliisogeza injini nyuma kwenye matundu yake marefu mpaka mkanda ukakaza. Msisahau hatua hiyo. Mkanda uliolegea unateleza na hesabu yote inakuwa hadithi. Saba kwa ishirini na tano, mara elfu moja na mia tano: sahani mizunguko mia nne ishirini, ukingo mita sita na nusu kwa sekunde. Kisha tukatwika mifuko miwili ya mchanga juu ya fremu. Mwisho nikanyunyiza mchanga mkali chini ya mawe na kuizungusha sahani kwa muda mfupi, ili zile nyuso za vioo zikwaruzwe na punje mpya zitoke.

Godi akawasha injini, akaishika mashine kwa mikono yote miwili. Mluzi haukurudi. Shangazi alianza kunguruma kwa sauti ya chini, kama ng'ombe anayetafuna, na ile sauti mkiisikia mjue jiwe linakula. Maji yakawa mazito. Mama mmoja aliyeleta ndoo akasema, "Huu sasa ni uji." Tulipita, tukarudi, tukapita tena. Wazee walisogea na mbao zao. Niliposukuma tope kwa mpira, chini palikuwa na uso bapa, jiwe jeusi na jekundu na la kijivu, yote yamekatwa sawa, unaona moyo wa kila moja.

Mzee Aminieli hakutazama sakafu. Alichuchumaa kwenye tope, akachovya vidole viwili, akalisugua kwa dole gumba kama alivyofanya maisha yake yote kinuni, akisikiliza kwa ngozi. Akasugua tena. Godi alinyoosha shingo aone.

"Hii imesagika," akasema. Akajifuta kwenye suruali, akasimama, akawageukia wazee. "Niliwaambia tangu mwanzo. Hii kazi haitaki haraka."

Wale wazee walitikisa vichwa kukubali. Nami nikatikisa. Kazi yangu ilikuwa kukata sakafu, na sakafu ilikuwa inakatika. Sifa za nani alisema nini hazijawahi kuingia kwenye hesabu ya kipenyo na mizunguko.

Tulisaga wiki zote zilizobaki. Mawe laini yaling'oka na kuacha matundu, tukayaziba kwa saruji na kusaga upya. Kila jiwe lilipong'oka tulinyamaza, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na ukoo mzima. Tuliongeza mwendo kidogo tulipofika kwenye jiwe la mwisho, lile la punje ndogo la kung'arishia, kwa kuwa hapo kulamba ndiko kunakotakiwa. Mzee Aminieli alikuja kila siku, akichovya vidole, akiwaeleza wageni waliofika kutoka mjini siri ya mwendo wa pole, na kusema kweli aliieleza vizuri. Mara mbili nilimsikia akitumia hesabu ya uzi.

Jumamosi ile kanisa lilijaa mpaka nje. Nilikaa benchi la mbele upande wa bwana harusi, na kilemba changu cha Idi, kati ya mama yake Godi na mjomba wake aliyenuka pombe ya mbege saa tatu asubuhi na kukana. Kwaya ilianza, Ndeshi akatokea mlangoni akiwa ameshikwa mkono na baba yake, na kanisa zima lilikuwa limeinamisha vichwa. Mchungaji alidhani wanasali, akangoja kwa adabu. Hawakuwa wanasali. Kila ukoo ulikuwa unatafuta jiwe lake. Watu walinyoosheana vidole chini ya mabenchi, mabibi walivua viatu wapapase kwa unyayo, na mmoja nyuma yangu alikuwa ananong'ona, "Letu ni lile jeusi, la kwao ni lile bovu." Bibi harusi alitembea kutoka mlangoni mpaka nusu ya kanisa bila jicho la mtu kumtazama, isipokuwa langu, na nilimgeukia bwana harusi nione anavyomtazama.

Godi naye alikuwa anatazama sakafu. Alikuwa ndani ya suti ya kuazima, amekaza macho upande wa kushoto, mdomo umekunjamana. Akainama kwangu kidogo.

"Mama Rukia," akanong'ona, "pale kwenye nguzo tumeruka. Jiwe halijapita."

"Oa kwanza," nikamwambia.